Ziwa lililofikiwa saa kumi: kisa cha safari ya siku moja kutoka Bukavu hadi Kabamba

Jumatatu, 31 Julai 2023, basi dogo aina ya Hiace lilitoka Nyawera, Bukavu, likiwa na abiria kumi na mmoja wa familia moja, dereva na kiongozi wa safari. Programu waliyokuwa wameilipia ilikuwa na kichwa "Siku moja kando ya Ziwa Kivu". Walifika kando ya ziwa saa kumi jioni, wakakaa hapo dakika ishirini na tano, wakageuza. Waliingia mjini saa moja na nusu usiku, baada ya kutembea gizani tangu Kavumu. Hakuna aliyeumia wala kuibiwa. Lakini kesho yake familia ilikataa kumalizia nusu ya malipo iliyobaki, na mama aliyewapikia Kabamba alikuwa bado anadai pesa zake.

Nimeongea na kiongozi, dereva, mama mpishi na watu wanne wa ile familia. Kiongozi alinipa pia daftari lake, ambamo aliandika saa ya kufika na saa ya kuondoka kila kituo, jambo ambalo wenzake wengi hawalifanyi. Kisa hiki nakiandikia wale wanaotembeza wageni kwenye barabara za mkoa wetu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na nakiandika kwa sababu hapa hakukuwa na uzembe. Kijana huyu ana heshima, anaijua njia, anaongea Kiswahili, Mashi na Kifaransa bila kukwama, na gari lilikuwa zima. Safari iliharibikia mezani, siku programu ilipoandikwa.

Barabara yenyewe

Barabara ya Taifa namba 2 inaunganisha Bukavu na Goma kwa kufuata upande wa magharibi wa ziwa. Kwenye ramani unaona mstari uliobanana na maji mwanzo hadi mwisho, na asiyewahi kupita anaamini atasafiri siku nzima akiwa na ziwa dirishani. Sivyo ilivyo. Ukitoka Bukavu unaliona ziwa na rasi tano ambazo mji umejengwa juu yake. Unapita kiwanda cha bia, unapanda upande wa Bagira, na hapo vilima vya Kabare vinakuficha maji. Mudaka, Murhesa, Miti, Kavumu kwenye uwanja wa ndege: mwendo huo wote uko katikati ya migomba, maharage, mihogo na mashamba ya zamani ya kwinini. Ziwa linachungulia tu pale bonde linapofunguka upande wa kulia. Ni ukishapita Katana, kuelekea Kabamba na Kalehe, ndipo barabara inashuka karibu na maji na kisiwa cha Idjwi kinakuwa mbele yako. Wakati ule lami ilikuwa inaishia Kavumu. Kwa hiyo kile watu walichokilipia kilikuwa mwisho kabisa wa njia, na kwenye sehemu inayokwenda polepole kuliko zote.

Sasa tazama programu ilivyopangwa. Kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kusimama juu ya mji kuangalia rasi. Soko la Mudaka. Kuchepuka Miti na kupanda hadi Tshivanga, lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwa matembezi mafupi ya msituni bila gorila. Kurudi Miti, kwenda Lwiro kwenye kituo cha utafiti na makazi ya sokwe. Chakula cha mchana Kabamba saa saba: sambaza, yaani samaki wadogo wa ziwani, bugali na sombe ya majani ya mihogo. Halafu kufika Kalehe, kupiga picha, kurudi Bukavu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Vituo sita na mchepuko wa mlimani, kabla hujahesabu kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Familia ilikuwa imekusanyika Bukavu kwa harusi ya Jumamosi. Wengine walivuka kwa boti kutoka Goma, wawili walitoka Lubumbashi. Vijana walikuwa saba. Waliobaki walikuwa baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, shangazi wawili, na mama mkubwa wa miaka sabini na kitu. Safari iliagizwa kwa simu na binti mmoja wa Goma. Kiongozi hakuongea na mtu mwingine yeyote mpaka asubuhi ya safari.

Siku ilivyokwenda

Waliondoka saa mbili kasoro robo. Baada ya harusi kuna wageni wa kuaga na masufuria ya kurudisha, na anayepanga kuondoka saa kumi na mbili na nusu na watu wa harusi ajue anaandika ndoto. Saa nzima na robo ilikuwa imeshapotea kabla gurudumu halijazunguka, na programu haikuguswa.

Juu ya mji walisimama dakika ishirini. Baba mdogo aliuliza swali ambalo kila mtu wa Goma analibeba moyoni tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021: je, ni kweli ziwa hili linaweza kulipuka? Kiongozi alicheka, akasema hizo ni habari za kuogopesha watu, akaendelea na majina ya rasi. Nitarudi hapo.

Mudaka walikaa dakika arobaini badala ya ishirini, kwa sababu shangazi wawili waliona avoka na makabichi kwa bei ya chini. Mifuko ikaingia ndani ya basi na kuziba njia ya katikati, na tangu hapo kila mtu aliposhuka ilibidi mizigo ihamishwe kwanza. Dereva anasema hilo peke yake liliwala dakika nyingi kila kituo. Namwamini.

Tshivanga walifika saa nne na nusu. Hakuna aliyekuwa amepeleka taarifa mapema kuhusu kundi la watu kumi na mmoja wasioenda kuona gorila, kwa hiyo walingoja mpaka akapatikana mtu wa kuwatembeza. Waliondoka saa sita na dakika kumi. Miti, kwenye njia panda, ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Mama mpishi alikuwa anawangoja Kabamba saa saba.

Hapo kiongozi alisimamisha basi, akageuka, akauliza wote: "Tuko nyuma ya saa. Munapenda tufanye nini?" Vijana wakasema sokwe wa Lwiro hawawezi kukosa, wameshawaambia marafiki zao. Dereva alimnong'oneza kwamba jua halitamngoja. Wazee walinyamaza. Kiongozi akasema haya, Lwiro, lakini haraka. Walifika saa saba na nusu na kuondoka saa tisa kasoro dakika kumi.

Saa tisa na dakika ishirini walikuwa wanapita Katana. Mama mkubwa, ambaye tangu asubuhi hakuomba chochote, alimgusa dereva begani: "Papa, simama hapa kidogo. Njo hapa nilizaliwaka." Walisimama nusu saa. Kabamba saa kumi. Kalehe ikafutwa. Saa kumi na dakika ishirini na tano wakageuza, giza likawakuta Kavumu, na karibu na Murhesa lori lililokwama kwenye kilima liliwafunga njia muda mrefu.

Jina la safari na saa zake

Safari nzima ilichukua karibu saa kumi na mbili. Kati ya hizo, ziwa lenyewe lilipata dakika ishirini na tano. Tshivanga na Lwiro, ambazo zote ziko upande wa mlima, zilipata saa tatu kamili, na ukijumlisha mchepuko wa kwenda na kurudi Miti, zinapita saa nne. Si kwamba sehemu hizo hazina thamani. Lwiro ni mahali pa pekee katika Afrika ya Kati: majengo yaliyojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947, na tangu 2002 makazi ya sokwe na nyani walionyang'anywa kutoka kwa wawindaji na wachuuzi. Kila sokwe pale ana historia yake, na wahudumu wanajua kuisimulia. Lakini kituo cha namna hiyo hakiwezi kuwekwa "njiani". Kinataka muda wake, na ukikipa dakika arobaini unawaudhi wageni na wahudumu pia.

Kiongozi alinieleza kwa nini alijaza vituo: mshindani wake anatangaza vitano kwa bei hiyohiyo, na yule binti wa Goma aliuliza, "Tutaona vitu vingapi?" Naelewa shinikizo hilo. Biashara ya utalii Bukavu ni ndogo, na mteja mmoja akipotea unasikia. Ila orodha ndefu huuza safari mara moja tu. Familia ile haikuniambia waliona vitu sita. Waliniambia hawakuliona ziwa.

Kuna hesabu moja ambayo kila programu ya barabara hii lazima ianze nayo. Tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na mtu mwenye busara hataki kuwa barabarani baada ya hapo, si kwa sababu ya mashimo na malori tu, bali pia kwa sababu za usalama ambazo mkazi wa Kivu hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo unaanza na saa kumi na moja jioni, ukiwa umeshapita Mudaka kurudi mjini, unahesabu kinyumenyume hadi mahali pa kugeuzia, na kile kinachobaki ndicho unachouza. Kwa safari ya Kabamba, kurudi bila kusimama popote ni zaidi ya saa mbili. Lazima uwe umeshageuka kufikia saa nane unusu, na hapo hujaweka kituo chochote cha kurudia. Dereva aliijua hesabu hii kichwani. Hakuulizwa wakati programu inaandikwa.

Njia panda ya Miti

Watu wengi nilioongea nao wanasema kosa kubwa lilikuwa kwenda Lwiro. Mimi naona kosa lilikuwa namna ya kuuliza. "Munapenda tufanye nini?" likielekezwa kwa watu kumi na mmoja ndani ya basi si swali. Ni kuwapa uamuzi wale wenye sauti kubwa, na kwenye basi la familia za kwetu wazee hawatashindana na watoto wao mbele ya mgeni. Ukimya wao kiongozi aliusoma kama kukubali.

Yeye peke yake pale ndani alikuwa na mambo matatu ambayo abiria hawakuwa nayo: chakula kilikuwa kinapikwa Kabamba, giza lingeanza saa kumi na mbili, na sehemu yote ya ziwa ilikuwa bado mbele. Angewaambia: "Tukienda Lwiro, Kalehe haiwezekani tena, tutakula saa kumi, na tutarudi usiku. Tukiacha Lwiro, tutakula saa nane kando ya maji na tutapata nafasi ya kukaa pale kidogo." Halafu amgeukie baba mdogo, kwa jina la heshima, na amwombe aamue kwa niaba ya wote. Vijana wangenung'unika kidogo, kisha wangekubali, kwa sababu baba ameshasema. Hivyo ndivyo mambo yanavyoamuliwa katika familia hizi, na kiongozi aliyezaliwa hapahapa anajua. Alifundishwa mahali fulani kwamba mteja ni kila abiria, akaacha kanuni ya nyumbani kwake.

Simu pia. Miti kuna mtandao. Lakini kiongozi alipiga simu Kabamba akiwa Lwiro, saa nane imeshapita, kumwambia mama mpishi kwamba watachelewa. Alikuwa ameshachelewa.

Mama mkubwa na geti la hospitali

Hiki ndicho kipande kilichoniuma zaidi, na ndicho familia ilichokitaja kwanza, kabla ya Kalehe na kabla ya giza.

Hospitali ya Katana watu bado wanaiita FOMULAC, jina la wakfu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain ulioianzisha wakati wa ukoloni. Wazee wengi wa Kabare na Kalehe walizaliwa pale. Mama mkubwa alizaliwa humo, na miaka michache baadaye mama yake mzazi alifia humo. Kisha familia ilihamia Goma. Hakuwahi kurudi.

Aliposhuka, sentineli wa getini alimuuliza anamtafuta nani. Akamweleza kwa Mashi, lugha ambayo vijana wake hawakuwahi kumsikia akiitumia kwa sentensi zaidi ya moja. Sentineli akafungua. Mama akatembea polepole hadi kwenye jengo la zamani, akasimama chini ya dirisha, akaweka kiganja ukutani. Vijana wawili walimfuata, na mmoja akaanza kumuuliza. Ndipo wakajua bibi yao wa nyuma aliitwa nani, alifariki kwa sababu gani, na kwamba alizikwa si mbali na pale. Hayo yote hayakuwahi kusemwa nyumbani. Kiongozi alibaki kwenye mlango wa basi akimwonyesha baba mdogo saa kwenye simu. Baba mdogo aliniambia sentensi moja: "Alimuhesabia mama dakika."

Kesho yake ilikuwa 1 Agosti, Siku ya Wazazi nchini Kongo, siku ya mapumziko ambayo asubuhi yake watu huenda makaburini kusafisha na kuwakumbuka waliowazaa. Mama wa miaka sabini na kitu anayepanda basi la vijana siku moja kabla ya 1 Agosti, kuelekea alikozaliwa, hakuja kuangalia sokwe. Kiongozi aliona kalenda kama mtu wa biashara, akajua Jumatatu ile itakuwa na watu wengi sokoni, lakini hakuiona kama mtoto wa Bukavu.

Angelijuaje? Kwa kuuliza. Anayeagiza safari kwa simu ni kijana mwenye intaneti, na anayelipa huwa mwingine. Mwenye sababu ya kusafiri huenda ni wa tatu, na hajaongea na mtu. Jioni ya kabla, au hata asubuhi mlangoni, unawasalimia wazee kwanza, mmoja mmoja, na unauliza: mama, wewe kwa barabara hii unapenda kuona wapi? Dakika tano zinatosha. Jibu moja la namna ile lingebadilisha programu nzima, kwa sababu Katana iko njiani kwenda ziwani na Tshivanga haiko.

Samaki na mwezi

Mama mpishi wa Kabamba aliagizwa Jumapili kwa simu: sambaza kwa watu kumi na watatu, Jumatatu saa saba. Alikubali, kwa kuwa anamfahamu kijana na hataki kumpoteza. Ila mwezi ulikuwa unajaa usiku wa kuamkia Jumatano.

Anayeuza safari ya Kivu lazima aelewe hili. Sambaza si samaki wa asili wa ziwa letu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ndio kitoweo cha mji mzima. Huvuliwa usiku: mitumbwi mitatu inaungwa kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa, samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, samaki wanatawanyika, na siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzisha nyavu. Kwa hiyo asubuhi ile sambaza walikuwa haba na bei imepanda. Mama alizunguka tangu alfajiri, akapata wachache kwa bei kubwa, akaongeza tilapia kwa pesa yake mwenyewe ili sahani zijae. Saa saba vilikuwa tayari. Saa tisa alikaanga tena. Saa kumi bugali lilikuwa limekauka juu, na wageni walikula wamesimama.

"Samaki haingojake mutu," aliniambia, na hakuwa ananung'unika. Alikuwa anaeleza kazi yake.

Tarehe za mwezi mpevu zinajulikana miaka mingi mbele. Kiongozi angeweza kuahidi kuku, au angemwachia mama achague. Na angempelekea malipo ya awali ya chakula siku ya Jumapili, kwa simu, kama alivyopewa yeye malipo ya awali na familia. Hakuna sababu hata moja ya mwanamke wa Kabamba kuikopesha safari ya watu wa mjini.

Alichofanya vizuri

Kalehe ilipofutwa, vijana wawili walisisitiza waende mbele zaidi hata kwa dakika chache, waone Bushushu na Nyamukubi. Tarehe 4 Mei mwaka uleule mafuriko na maporomoko yalizikumba sehemu hizo siku ya soko, yakaua zaidi ya watu mia nne, na wengi hawakupatikana. Ilikuwa haijatimia hata miezi mitatu. Kiongozi alikataa moja kwa moja. Alisema kule watu bado wanalia, na mtu haendi kwenye matanga kupiga picha. Akawaambia wakitaka kusaidia, kuna njia za kupeleka michango. Kwa mara ya kwanza siku ile aliamua bila kuuliza basi zima, na aliamua sawa. Baba mdogo mwenyewe alimsifu kwa hilo, hata akiwa na hasira.

Nyongeza yangu ni hii: mwezi ule Kalehe haikupaswa kuwa kwenye programu kabisa kama mahali pa picha.

Maswali yanayostahili jibu

Swali la ziwa kulipuka si la kuchekea. Aliyeliuliza alikimbia Goma usiku mwaka 2021 akiwa na watoto. Jibu lipo na linatulia ndani ya dakika mbili. Vilindini mwa Kivu, ziwa lenye kina cha mita zipatazo 485, kumeyeyuka kiasi cha kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za methani. Zinashikiliwa chini na uzito wa maji na kwa sababu tabaka za maji ya ziwa hili hazichanganyiki kwa urahisi. Wanasayansi wanazipima mara kwa mara kwa sababu wanajua yaliyotokea Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986, gesi ya kaboni ilipofumuka ghafla na kuua watu. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt kinavuta methani hiyo na kuzalisha megawati 26 za umeme. Mgeni akisikia hivyo anajua hofu yake ina msingi na kwamba kuna watu wanaolinda zamu. Akichekewa, anakaa nayo njia nzima.

Vilevile Tshivanga. Kundi lilielezwa kwamba hifadhi ilianzishwa 1970, ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 1980 na ya urithi ulio hatarini 1997. Sawa. Halikuelezwa kwamba Batwa waliokuwa wakiishi kwenye msitu huo waliondolewa bila fidia, na kwamba mgogoro huo bado unaua watu mpaka miaka hii. Shangazi mmoja aliniambia aliwaona watu kando ya njia akajiuliza ni akina nani, akaona aibu kuuliza. Kiongozi wa Bukavu asiposema habari hiyo, mgeni ataisoma kwingine na kujiuliza kwa nini alifichwa.

Programu upya

Tulikaa na kiongozi na dereva, tukaandika upya kwa kanuni moja: kwanza mwisho wa njia, vituo vingine wakati wa kurudi.

Kuondoka saa kumi na mbili na nusu, na kwa watu wa harusi saa moja. Dakika kumi tu juu ya mji. Halafu moja kwa moja hadi Kabamba, kufika kati ya saa tatu na saa nne. Wakati huo mitumbwi kutoka Idjwi imeshafika, soko limechangamka, sambaza wa usiku wapo mbele yako kwenye mabeseni. Chai na sambaza wa kukaanga papo hapo. Kutembea kwa miguu ukingoni, mtumbwi kwa anayetaka. Chakula cha mchana saa sita. Dereva alileta pingamizi nzuri: ziwa liko mashariki ya barabara, asubuhi jua linakupiga machoni, na mwanga mzuri wa picha unakuja alasiri. Ni kweli, na Julai na Agosti ukungu wa kiangazi unaweza kuificha Idjwi kutwa nzima. Tuliamua samaki na soko ni muhimu kuliko picha. Anayetaka picha aje Machi, mvua ikiwa imeosha anga, na avumilie tope.

Kurudi: kuondoka Kabamba saa saba, Katana kwa yeyote mwenye sababu ya kusimama, Lwiro kuanzia karibu saa nane mpaka saa tisa na robo kama imeagizwa kabla, na Mudaka mwisho kabisa ili avoka na makabichi yasafiri nusu saa tu. Ukikosekana muda, kinachofutwa ni Lwiro, na hilo linasemwa siku ya kuagiza. Tshivanga inatoka kabisa. Ina siku yake yenyewe, na wanaotaka gorila wajue kwamba kuwa nao ni saa moja tu, na watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipochukua Kavumu na kisha Bukavu, wageni wa mbali wamekatika, na anayetoka leo lazima kwanza aulizie njia kwa wanaoipita kila siku. Programu hii inamfaa mkazi pia, siku njia ikiruhusu.

Malipo

Waliketi Jumatano, 2 Agosti, baba mdogo, kiongozi na dereva. Familia ilitaka kubaki na nusu yote. Hapo naona ilikosea: mafuta yalichomwa, dereva alifanya kazi mpaka usiku, na chakula kilipikwa mara mbili. Kiongozi alitaka nusu yote, naye alikosea, kwa sababu aliuza Kalehe na ziwa akatoa dakika ishirini na tano.

Baba mdogo ndiye aliyefungua njia. Alisema mama wa Kabamba alipwe kwanza, kabla hawajabishana, pamoja na bei ya samaki iliyozidi. Pesa zikatumwa kwa simu wakiwa wameketi, akapigiwa, akathibitisha. Kisha mafuta na ujira wa dereva. Kilichobaki waligawana: familia ilirudishiwa thamani ya kipande cha Kabamba hadi Kalehe, na kiongozi akachukua salio, ambalo halikuwa kubwa. Kabla ya kuagana alimwomba baba mdogo namba ya mama mkubwa. Akapiga palepale, akamwomba msamaha kwa habari ya getini, na kumwambia akitaka kurudi Katana na vijana kutafuta lile kaburi, yeye na dereva watampeleka kwa gharama ya mafuta tu. Walikwenda Septemba, mvua zilipoanza, na hawakusimama mahali pengine popote.